Mchoro wenu wa mizizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu makala yenu ya wiki iliyopita juu ya mbolea na rutuba ya udongo, pamoja na mchoro wake wa mizizi. Mwandishi kajitahidi, sina ugomvi naye, ila nilipofika pale anaposema mvua kubwa huyeyusha fosforasi yote, kirutubisho cha mimea, na kuipeleka mtoni, niliweka gazeti chini.

Nimepima udongo maabara kwa miaka 27 kabla ya kustaafu. Tabia hiyo aliyoieleza ni ya nitrati, ile naitrojeni inayoyeyuka na kwenda na maji. Fosforasi kwa kawaida haizami na maji kirahisi hivyo. Inayofika mtoni aghalabu hubebwa na udongo wenyewe uliomomonyoka. Kwenye udongo wenye tindikali hunaswa na chuma na alumini, kwenye udongo wa chokaa hunaswa na kalisi. Ndiyo maana zao la msimu wa kwanza mara nyingi halipati hata robo ya fosforasi uliyoiweka. Iliyobaki iko palepale shambani.

Kama ipo, mbona mmea unaikosa? Swali hili lilimshughulisha mtafiti Stanley Barber wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa miaka mingi. Aliuliza jambo ambalo sisi wa maabara tulikuwa tunaliruka: kirutubisho kinaufikiaje mzizi? Katika kitabu chake cha mwaka 1984 ametoa hesabu ya mahindi. Hekta yenye mavuno ya kilo 9,500 huhitaji takriban kilo 190 za naitrojeni, na kilo 150 kati ya hizo huja zenyewe na maji yanayovutwa na mmea. Fosforasi inayohitajika ni kilo 40 tu. Maji huleta kilo 2. Mzizi ukipenya ardhini hukutana na kilo 1 njiani. Kilo 37 zilizobaki sharti zisambae taratibu kutoka penye nyingi kwenda penye chache, na mwendo wake ni wa sehemu ndogo ya milimita kwa siku. Mzizi ukishamaliza iliyo karibu nao, milimita moja au mbili hivi, unabaki na njaa huku fosforasi ikiwa jirani.

Barber na mtafiti mwenzake Silberbush pia walijaribu kwa kompyuta kubadilisha jambo moja moja waone lipi lina uzito. Kasi ya mzizi kunyonya haikuleta tofauti kubwa. Kilicholeta tofauti ni kasi ya mizizi kukua, na wembamba wake.

Laiti ningeyasoma hayo mapema. Miaka yangu ya mwanzo, kila aliyeniletea majani ya mahindi yaliyogeuka zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, nilimjibu kwa mkato: ongeza mbolea ya kupandia. Mzee mmoja alirudi mwaka uliofuata na mche mzima ndani ya bonge lake la udongo, majani zambarau vilevile. Nikapima: fosforasi inatosha. Nikalivunja lile bonge, ikabidi nitumie nyundo. Mizizi ilikuwa imejikunja sentimita chache chini, kama iliyogonga sakafu. Mzee akaniuliza, "Sasa mwanangu, ile mbolea ya mwaka jana ilikuwa ya nini?" Sikuwa na jibu.

Sisemi watu waache mbolea. Udongo uliokwisha fosforasi hauponi kwa maneno. Nasema makala ingetaja na pa kuiweka, yaani karibu na mbegu bila kuigusa, maana mzizi mchanga hauendi mbali. Ingetaja pia wale kuvu wa mizizini ambao ushirika wao na mzizi Mjerumani Albert Bernhard Frank aliuita maikoriza mwaka 1885. Nyuzi zao hufika sentimita kadhaa kupita mwisho wa mzizi na kuuletea mmea fosforasi. Ukizidisha mbolea ya fosfati, mmea huwapunguzia chakula kuvu hao, nao hupungua. Hilo hata maofisa wengi wa kilimo husahau kulisema.

Mwisho ni ule mchoro uliopamba ukurasa. Mizizi minne minene, laini kama mirija ya kunywea soda, na mishale ya virutubisho ikiikimbilia kutoka kila upande. Mchoraji wenu akipewa kazi hiyo tena, naomba aifute mishale ya fosforasi na aongeze vinyweleo kwenye mizizi, zile nywele nyembamba zinazoifuata fosforasi iliyo jirani. Avichore vingi, hata kama wino utaisha.

Fundi mstaafu wa maabara ya udongo