Karata za wadudu si ramli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba karata za tarot ni ramli ya kigeni, na kwamba msanii anayezichora hapa kwetu Kilimanjaro anawafungulia waganga mlango. Mimi ni mmoja wa wanaozichora, na karata zangu zote ni za wadudu.

Hofu yake ina msingi, kwa sababu ramli chonganishi imegharimu maisha ya vikongwe na ya ndugu zetu wenye ualbino, na hakuna mwenye akili timamu atakayeitetea. Hata hivyo, tarot ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa karata, ikabaki mchezo kwa zaidi ya miaka 300 kabla Wafaransa hawajaanza kuipigia ramli mwishoni mwa karne ya 18. Huko huko Ufaransa wapo wanaoicheza hadi leo kwa kuhesabu pointi tu.

Kilichonivuta mimi ni mpangilio wake. Karata ni 78: kubwa 22, kila moja na sura yake, na ndogo 56 zilizogawanywa katika vikombe, panga, fimbo na sarafu. Mchoraji Pamela Colman Smith, ambaye michoro yake ya tarot ilitolewa London mwaka 1909, alizijaza wafalme na malaika wa Ulaya. Mimi panga nimewapa siafu, vikombe nyuki, fimbo mchwa, na sarafu nimewapa wadudu wa mibuni, akiwemo bungua atobaye shina, maana huku mlimani kahawa ndiyo iliyosomesha watoto na bungua ndiye aliyekula ada.

Karata ya 12, ya mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja kichwa chini, ilinisumbua hadi nilipomwona vunjajungu akijivua gamba chini ya jani la mgomba. Alijishikiza kwa miguu ya nyuma, kichwa kikining'inia, kisha ngozi ikapasuka mgongoni na mwili mpya ukachomoka taratibu, laini, wa kijani kilichopauka, ukaacha ganda tupu lenye umbo lilelile hadi kwenye miiba ya mikono. Sikulazimika kubuni chochote. Karata ya malkia nimempa yule wa kichuguu, ambaye tumbo lake huvimba hata asiweze kutembea, akalishwa na wafanyakazi huku akitaga maelfu ya mayai kwa siku. Nimemchora kama mfungwa, si mtawala, na hapo najua tutabishana. Karata ya Nyota nimempa dundu asukumaye mavi, kwa kuwa utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba usiku usio na mwezi dundu huyo huongozwa na mwanga wa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota angani. (Buibui na nge hawamo, ingawa wengi wameniomba; miguu minane si ya mdudu.)

Kijitabu kitakachoambatana na karata hizi hakitakuwa na neno la bahati, ndoa wala maadui. Kitataja jina la mdudu, makazi yake na chakula chake. Namwalika msomaji huyo aje azikague kabla hazijaenda kwa mchapaji, na akikuta hata moja inayomtaja mchawi, nitaichana mbele yake.

Mchoraji,
Moshi
(Jina na anwani vimehifadhiwa)