Lango la Simba likifurika, tumpigie nani simu?

Mhariri,

Vuli iko njiani, na sisi tunaoitegemea barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu tumeshaanza kuulizana: mara hii Lango la Simba, pale maji yanapoikata barabara hiyo, litapitika? Asiyekuwa wa huku huenda asijue kwamba mafuriko yanayotufungia njia mara nyingi si ya mvua yetu. Mto Tana hujazwa na mvua ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ukateremka Garissa na Hola, kisha ukatapakaa kwenye delta. Mwishoni mwa 2023, wakati wa El Nino, na tena masika ya 2024, maji yalipanda juu ya lami kati ya Gamba na Lango la Simba. Huku Mokowe kulikuwa na jua.

Aliyekwama pale hasahau. Utingo hutangulia mbele ya lori, maji yamemfika magotini, fimbo mkononi, akipapasa lami inaishia wapi ili dereva asitumbukie mtaroni. Nyuma yake ni foleni ya nyanya na viazi, makreti yameshaanza kuchuruza. Vijana wenye mitumbwi wanavusha abiria na mizigo, bei ni mapatano ya hapo hapo. Wapo wanaowalaumu kwa bei hizo. Mimi siwalaumu, maana wao walikuwa na mpango na ulifanya kazi.

Sasa tumlaumu nani? Barabara ile ni ya serikali ya kitaifa. Gamba iko Kaunti ya Tana River. Usalama wa mabwawa, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya serikali ya kitaifa, na utabiri wa hali ya hewa pia hutoka Nairobi. Waliohama Chalaluma, Dide Waride na Moa ni watu wa Kaunti ya Lamu. Na shughuli za majanga zimeandikwa kwa serikali zote mbili, ya kitaifa na za kaunti. Basi kila mmoja ana pa kumwelekezea mwenziwe kidole, na hakuna anayesema uongo. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chetu sisi, maji yakija, usukani hauna mtu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba muda wa kujipanga upo. Maji yakifunguliwa Kiambere hayafiki kwetu usiku huo huo. Huchukua siku kadhaa. Siku hizo ndizo tunazozipoteza. Tunachosikia redioni ni kwamba wakazi wa nyanda za chini wahamie sehemu za juu. Sehemu ipi ya juu? Kwa gari la nani? Mama wa Chalaluma mwenye mbuzi, watoto na gunia la mahindi hawezi kuhama kwa tangazo.

Ibara ya 189 ya Katiba inaziruhusu serikali hizi kuunda kamati za pamoja. Iundwe basi moja ya Tana ya chini, ya serikali ya kitaifa, Tana River na Lamu, na iandike makubaliano yenye majina ya vyeo na fedha. Maji yakifika kiwango fulani pale Garissa, nani anafunga barabara, na malori yanazuiliwa Minjila, kabla ya kufika Gamba, au yanaachwa yaje kukwama katikati ya maji? Nani analeta boti za kuvushia, na nani anahakikisha dawa za hospitali zimeshavuka kabla njia haijafungwa? Lamu ni watu wa bahari. Jahazi na boti za mizigo zikodishwe mapema, siyo baada ya unga kupanda bei.

Kaunti nazo zisijifanye hazina kitu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kuwa na mfuko wa dharura, ingawa malipo yake kwa mwaka yana ukomo wa asilimia 2 ya mapato. Maturubai na blanketi zikinunuliwa kiangazi huwa bei rahisi. Na mitaro ya maji ya mvua mijini ni kazi ya kaunti moja kwa moja. Ikiziba Mokowe, Nairobi haihusiki. Nasi wananchi tuna letu: maji yakikauka, tunarudi kujenga pale pale yalipopita.

Ila mhandisi atakayekuja asituletee tuta refu la kifusi akasema amemaliza. Delta inaishi kwa mafuriko hayo hayo; mpunga na malisho hutegemea maji kuingia na kutoka. Barabara iinuliwe juu ya madaraja na kalvati kubwa ili maji yapite chini yake.

Mkutano wa kuandika makubaliano hayo naomba usifanyiwe hotelini Mombasa. Uitishwe Witu au Minjila kabla ya mvua, machifu na wazee wa Chalaluma wakiwa mezani, na nakala ya Kiswahili ibandikwe katika kila ofisi ya chifu kuanzia Gamba hadi Mokowe, na nambari za simu za wahusika.

Msomaji wako,
Mokowe, Lamu