Barua kutoka Cusco

Cusco, Peru

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya milimani. Nimefurahi kusikia mama amepata nafuu; nishikie mkono wake.

Umeuliza ule wekundu wa shali kwenye picha wanautoa wapi. Unatoka kwa mdudu, Zuhura! Kochinili, mdogo sana, hukaa kwenye mpungate akifyonza utomvu wake, na kwa nje amejifunika unga mweupe. Majike hukusanywa, yakakaushwa na kusagwa. Ukimponda mmoja kiganjani, mkono unageuka damu ya mzee papo hapo.

Wanawake wa Chinchero, mji ulio zaidi ya mita 3,700 juu ya bahari, wanaijua rangi hii kwelikweli. Sufu huoshwa kwanza kwa povu la mzizi uliokunwa, na shabu hutiwa ili rangi ishike. Kisha sufuria ile ile ya kochinili ikitiwa ndimu huelekea kwenye rangi ya chungwa. Ikitiwa kitu chenye asili ya magadi, huwa zambarau. Kijani hutoka kwa majani ya chilca, manjano kwa maua ya q'olle.

Sasa kufuma. Ncha moja ya mtande, zile nyuzi za urefu, hufungwa kwenye kigingi, nyingine kwenye mkanda kiunoni mwa mfumaji. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama zinalegea: mwili wake ni sehemu ya kitanda cha mfumi. Nakshi, wenyewe huziita pallay, hazikuchorwa popote. Huziokota uzi kwa uzi kwa vidole, akihesabu kichwani, mshindio, uzi wa kukatiza, ukapita ndani usionekane, kisha hukandamiza kwa mfupa wa lama, mnyama wa sufu wa huku. Wewe unayesuka ukili huku unapiga soga, mkono ukihesabu miyaa wenyewe, ungewaelewa kuliko mimi.

Na mkasi haugusi nguo. Kila kipande hufumwa kwa kipimo chake, kingo zote nne zikiwa zimefungwa kwenye kufuma kwenyewe. Ndiyo maana inaniuma nikiona mgeni akibishania bei sokoni. Kusokota, kutia rangi, kufuma, vyote kwa mkono, halafu apunguziwe nusu?

Rangi za kiwandani zilipoingia mwishoni mwa karne ya 19, nyingi ya hizi za asili ziliachwa. Mwaka 1996 Nilda Callañaupa Alvarez, mzaliwa wa Chinchero, pamoja na wenzake walianzisha kituo cha nguo za asili hapa Cusco. Wazee walikuwa bado wanakumbuka, vijana wakakaa nao wakajifunza.

Basi nakuomba kitu. Bibi yako alikuwa akitia ukili weusi kwa mdaa. Muulize alichemsha mizizi kwa muda gani, alitia nini kingine, na uandike kila kitu, hata kile atakachokiona hakina maana. Nikija Desemba nataka tuwashe moto tujaribu.

Wako akupendaye,
Mwanahamisi