Mhariri, mbona hamuandiki kuhusu sufuria lililolala nje?

Ndugu Mhariri,

Nawasoma kila wiki na ule ukurasa wenu wa afya naupenda, siwezi kudanganya, ila kila ikifika vuli na watu wakaanza kuhesabu siku za sikukuu mnarudia wimbo uleule, kitambi, kitambi, punguza wali, keki usiiguse, ruka chai ya asubuhi ili upate nafasi mchana, halafu ikifika Januari mnatuletea juisi za kusafisha mwili kana kwamba ini na figo zilikuwa likizo muda wote huo. Sasa mimi ni baba wa watoto watatu na nyumbani mpishi ni mimi (mke wangu anaosha vyombo, tulishakubaliana zamani) na sikukuu iliyotuharibikia haikuharibiwa na keki. Iliharibiwa na kiporo.

Ngoja niwape kisa. Mwaka juzi tulikuwa watu kumi na tisa, mama mkwe yupo, mashemeji wapo, watoto hata sikuwahesabu vizuri. Nikapika lile sufuria la shughuli, wali umejaa mpaka juu, na jingine la mchuzi wa nyama. Tumekula saa nane mchana, stori, vicheko, saa nne usiku kila mtu hoi, chakula bado kipo tele. Mama mkwe akaniambia "lifunike vizuri baba, usipoe wote", nami nikafunika, nikalizungushia taulo kubwa la kuogea, nikalala najiona mpishi hodari. Asubuhi nimeingia jikoni nikashika lile taulo, bado lina uvuguvugu. Jamani nilifurahi! Nikafunua, matone ya mvuke yanadondoka toka kwenye mfuniko, harufu safi kabisa, nikaonja, hakuna tatizo. Nikapasha, watoto wakala na wakubwa wakala.

Kabla ya adhuhuri choo kikawa na foleni. Wa kwanza kutapika alikuwa mtoto wa shemeji, halafu wangu wawili, halafu mimi mwenyewe. Tulipofika kwa daktari hakutuuliza tumekula nini, aliuliza wali ulilala wapi. Nikamwambia jikoni, umefunikwa vizuri na taulo. Akaniangalia tu.

Sasa hili ndilo ambalo sikuwahi kulisoma kwenye ukurasa wenu hata mara moja. Kwenye mchele na nafaka nyingine huwa kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, ametoka zake shambani kwenye udongo, na ana tabia moja mbaya, anajifungia ndani ya kijiganda kigumu ambacho maji yanayochemka hayakiui. Ukishapika anabaki mle amelala. Ukiuacha wali kwenye uvuguvugu ule niliokuwa naufurahia mimi, anaamka, anazaana, na anatema sumu. Na hiyo sumu, hapa ndipo watu wengi tunapigwa chenga, haiondoki kwa kupasha, yaani uchemshe, ukaange, uweke kwenye mikrowevu, ipo palepale, na kutapika kunaweza kuanza ndani ya saa moja mpaka sita. Kile nilichokifanya asubuhi na moto mkali kilikuwa ni kupasha sumu tu. Na pua haikusaidii, maana hawa wanaoumiza watu mara nyingi hawaharibu harufu wala ladha, wanaofanya chakula kinuke ni wengine kabisa.

Mchuzi wa nyama nao una wake, Clostridium perfringens, naye ana kijiganda chake, naye anapenda hasahasa sufuria kubwa zito kwa sababu katikati yake panabaki na joto masaa na masaa hata kama pembeni umeshika ukaona pamepoa. Ndio maana hayo mambo yanatokea sana kwenye shughuli na sikukuu, siku ya kawaida unapika kidogo kinaisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wazi, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto la hatari ni kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Saa mbili! Mimi changu kilikaa toka saa nane mchana mpaka asubuhi. Basi suluhisho lenyewe wala si gumu, mkimaliza kula kabla hamjaanza stori mtu mmoja ainuke, agawe chakula kwenye vibakuli vifupi vipana, kina kisizidi vidole vitatu hivi, mvuke mwingi ukitoka kiende kwenye friji. Na ile imani kwamba chakula cha moto kinaua friji tuiache jamani. Sufuria zima la shughuli sawa, hilo litapandisha joto la kila kitu humo ndani, ila vibakuli vidogo friji inavimudu. Humo kiliwe ndani ya siku tatu nne na ukipasha kiwe cha moto kote, nyuzi 70 na kuendelea, sio juu kinaunguza ulimi katikati baridi kama mikrowevu zetu zinavyopenda kufanya. Usiye na friji, au umeme wako ni wa kubahatisha, pika kinachotosha kikaisha. Najua mgeni kukuta sufuria limekwisha ni aibu, ila aibu inapita.

Mtasema mbona nimeacha habari ya unene. Sijaacha. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka mwaka 2000 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, wakapima watu wazima 195 kabla na baada ya sikukuu, wastani wa uzito ulioongezeka ulikuwa kilo 0.37. Hata nusu kilo haifiki! Na wenyewe walipoulizwa walidhani wameongezeka zaidi sana ya hapo. Shida ikawa kwamba hako kadogo hakakutoka baadaye, kwa hiyo miaka ikijipanga kanakuwa kakubwa, hilo nakubali na mnaruhusiwa kuliandika. Lakini mtu wa kilo 0.37 kumfungisha asubuhi nzima halafu afike mezani ana njaa ya simba, hapo mmemsaidia nini?

Mngetufundisha kupika vya msimu badala ya kutukataza. Huu ndio wakati wa maboga, viazi vitamu, kabichi, karoti, maharage makavu, vitu vinavyoshibisha na havina gharama ya kutisha. Boga zima lenye kikonyo chake na ganda lisilo na jeraha linakaa hata miezi miwili mitatu mahali pakavu penye ubaridi, halihitaji friji mpaka ulikate. Viazi vitamu vibichi kwenye friji ndio usiweke kabisa, moyo wake unakuwa mgumu na ladha inaharibika. Mimi boga nalikata vipande na ganda lake, mafuta kidogo, chumvi kidogo, ndani ya oveni mpaka pembeni paanze kuwa rangi ya kahawia, hapo utamu wake unajitokeza wenyewe huhitaji sukari. Na hayo mafuta sio anasa, ile rangi ya njano ndiyo ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A na bila mafuta kidogo sehemu kubwa yake inapita tu. Linalobaki kesho linakuwa supu, nasaga na kitunguu na tangawizi, watoto wanaomba waongezewe na hawajui kama ni mboga. Mbegu nazo naosha nakaanga bila mafuta, zinakaa mezani badala ya biskuti.

Kwenye maharage mekundu ninaomba muweke tangazo kubwa, maana siku hizi kila mtu ananunua yale majiko ya umeme ya kupika polepole. Yale maharage yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu yake ya asili na moto wa polepole hauiondoi, unaweza hata kuizidisha. Loweka kwa muda wa saa tano au usiku kucha, mwaga yale maji, weka mengine, yachemke kwa nguvu dakika 30, baada ya hapo hamishia kwenye jiko lako la polepole ukalale.

Chumvi siisemi sana. Kijiko kimoja cha chai kwa siku ndio mwisho, na vile vipande vya supu mnavyobomoa viwili vitatu kwenye sufuria sehemu kubwa yake ni chumvi, kwa hiyo ukishaviweka usiweke tena chumvi kana kwamba hujaweka kitu. Soda ndio usiseme, kopo moja lina sukari gramu 35 hivi na WHO wanasema ikibaki chini ya 25 kwa siku ndio bora zaidi. Siku ya sikukuu mtoto anakunywa matatu kabla hajaona sahani.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo, mwaka huu ile picha ya futi ya kupimia kiuno mnayoitumia kila Desemba, toeni, wekeni ya vibakuli vya kiporo na saa ya ukutani. Andikeni "saa mbili" kwa herufi kubwa.

Mama mkwe mpaka leo anashikilia kwamba siku ile tatizo lilikuwa soda. Juzi kanipigia anauliza mwaka huu wali utalala wapi, nikamwambia mama, wali utalala kwenye friji, nje litalala taulo peke yake. Akaguna, akakata simu. Dakika kumi baadaye akapiga tena, anauliza vile vibakuli vyenye mifuniko vinatosha au aje na vyake.

Wenu,
Baba Mpishi