Homuweki ya mtoto wa miaka minne ni ya nani?

Ndugu mhariri, naomba na mimi nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana naona humu kwenye barua za wasomaji watu wanalalamikia ada za nasari, mara hela ya basi la shule, mara sare tatu za mtoto ambaye bado anakojoa kitandani, ila hili la homuweki hakuna anayeligusa na ndo linalotumaliza huku mitaani.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwangu barazani hapa Tandika, na wa mwisho wangu ana miaka minne, tunashinda wote kutwa. Sasa kuna mtoto wa jirani, umri uleule, anarudi saa nane mchana kachoka hoi, begi kubwa kuliko mgongo, ndani kuna daftari nne na kila daftari ina kazi ya nyumbani. Andika a mstari mzima, andika b, andika namba 1 mpaka 50. Akimaliza kula anasubiriwa na ticha wa tuisheni. Tuisheni jamani, mtoto wa miaka minne! Mama yake karudi kutoka kazini kwenye saa moja usiku naye kachoka, mtoto analia, anasinzia, basi mama anamshika mkono anaandika yeye, kesho ticha anaweka vema na nyota. Sasa hapo kafaulu nani, si mama?

Na mkono wenyewe unaolazimishwa bado haujakomaa. Mteja wangu mmoja ni nesi, siku moja wakati nampima gauni akanieleza kwamba kifundo cha mkono wa mtu kina vifupa vidogo 8, lakini kwa mtoto wa miaka minne karibu nusu yake bado ni gegedu laini, vinakuja kuwa mfupa taratibu kadiri anavyokua. Tena penseli mara nyingi anaikamata kwa ngumi, vidole vinauma, anachukia daftari kabla hata hajalijua. Kinachotakiwa kwanza ni vidole vipate nguvu, na nguvu haitoki kwenye daftari. Mpe kipande cha unga wa chapati akande na yeye, akamue soksi zake wakati unafua, abane vibanio kwenye kamba, amenye chungwa, akate gazeti la zamani kwa mkasi butu (samahani mhariri, na lako tunalikata), achambue choroko na wewe kwenye ungo. Mtoto aliyechambua choroko miezi kadhaa ukimpa penseli utashangaa mwenyewe.

Watu wakisikia mtoto ajifunze nyumbani wanafikiri lazima ununue midoli ya bei, bango la herufi ukutani na meza ndogo ya plastiki. Hapana. Mimi kwangu darasa ni bakuli la vifungo. Kuna vyenye matundu mawili na vyenye manne, vikubwa vya koti na vidogo vya shati, kijana anavitenga mwenyewe wala sijamwambia, leo kwa rangi, kesho kwa matundu, keshokutwa anavipanga foleni eti ni daladala ziko Buguruni. Nikitaka vifungo vya shati namwambia niletee saba vinavyofanana, analeta vitano, namuuliza shati la baba fulani litafungwaje, basi anaenda kuangalia vimepungua vingapi analeta na vingine. Hiyo ni hesabu, tena hesabu yenye shida ya kweli ndani yake, kuna shati linasubiri na mwenye shati kakaa hapo kwenye benchi anamwangalia. Haina uhusiano kabisa na kuimba moja mpaka mia kama kasuku.

Futi ndo usiseme, anapima paka, anapima ndoo, anapima mlango, wateja wengine anawapima mguu wakiwa wamekaa. Namba za kwenye futi nyingi hazijui, lakini anajua mlango ni mrefu kuliko ndoo, anajua ukianza kupima katikati unapata uongo, na hilo kuna wanafunzi wa fundi wakubwa na ndevu zao bado wananisumbua nalo. Rangi za nyuzi anazijua mpaka damu ya mzee na maji ya kunde. Na vile anavyosikiliza maneno ya wateja, mhariri, hapo sitasema mengi maana mengine yanaingia ambayo hayakutakiwa kuingia, juzi kamwambia shangazi yake kwamba kanenepa nyuma lazima nguo iachiwe nafasi.

Tahadhari ipo, nisije kuonekana nahamasisha watu vibaya. Sindano na mkasi wa kazi vinakaa kwenye kopo lenye kifuniko juu ya kabati. Vifungo, vizibo vya soda, maharage, hivyo ni kwa mtoto aliyeshaacha kuweka vitu mdomoni, mwenye mwaka mmoja au miwili usimpe, atapaliwa, na hata huyu mkubwa awe mbele ya macho yako. Jiko la mkaa na ndoo ya maji vivyo hivyo, mtoto mdogo anazama hata kwenye ndoo.

Turudi kwenye kucheza. Nilisikia redioni kuhusu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, nikamwambia binti yangu mkubwa anitafutie kwenye simu anisomee. Wanasema mtoto wa miaka 3 na 4 kwa siku anatakiwa apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili, na kati ya hizo 60 ziwe za nguvu hasa, zile za kuhema na kutoka jasho, tivii na simu zisizidi saa 1 na ikipungua ndo vizuri, na usingizi saa 10 mpaka 13 ukihesabu na wa mchana. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtoto anayelala saa tatu usiku baada ya homuweki, anaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule, kalala masaa nane tu. Kwenye gari anasinzia, darasani anasinzia, halafu ripoti inakuja imeandikwa mtoto hana bidii!

Na hizo dakika 180 atazipata wapi? Zamani sisi ilikuwa rede, kombolela, mdako, kupikilia mchanga kwenye kifuu. Mdako mnaudharau, lakini uangalie vizuri, unarusha kokoto moja juu, unazoa zilizoko shimoni, unadaka, unarusha tena unazirudisha unabakiza moja, raundi inayofuata unabakiza mbili, raundi nyingine tatu. Huyu wa kwangu hajaweza bado kurusha na kudaka, anakaa pembeni ya wakubwa, kazi yake kuangalia nani kabakiza zaidi, akipiga kelele umebakiza nne wewe, ujue kahesabu. Siku hizi nyumba nyingi za kupanga mwenye nyumba hataki kelele, uwanja umewekwa pevingi na gari linalala hapo, watoto wanaambiwa kacheze ndani. Ndani kuna nini? Kuna tivii.

Hapa niseme na kina mama wenzangu wanaotoka asubuhi, na kina baba pia msijifiche. Dada wa kazi ndo anashinda na mtoto, yeye ndo mwalimu wake mpende msipende, ila maagizo mnayomwachia ni mawili tu, mtoto ale na mtoto asichafuke. Na yeye ana vyombo, ana nguo, ana kupika, atafanyaje, anawasha katuni mpaka jioni. Mwambieni hata akichafuka sio kesi. Mwambieni amweke karibu wakati anafanya kazi, waongee, wahesabu vikombe, waende wote gengeni mtoto achague nyanya. Halafu wengi wa hawa mabinti wamekuja na hadithi na vitendawili vya kwao ambavyo sisi wa mjini tumevisahau, waombeni. Kwangu umeme ukikatika ndo tunategeana. Nilimtegea kijana kuku wangu katagia miibani, badala ya kusema nanasi akanijibu huyo kuku hana akili. Nikampa mji, ningefanyaje. Baba zao wakikaa kwenye drafti jioni wawaachie watoto vizibo vilivyoliwa wavihesabu, hiyo nayo haimgharimu mtu.

Najua nitaambiwa fundi wewe unaongea tu, mtoto asipojua kuandika atapataje shule. Na ni kweli hofu inatoka hapo, kuna shule za binafsi zinamfanyia mtoto intavyuu ndo aingie darasa la kwanza, tena ya karatasi, kwani anaenda kuajiriwa bandarini? Lakini sera yetu wenyewe, ile ya elimu na mafunzo ya 2014, imeweka elimu ya awali isiyopungua mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, na toleo lake la 2023 likaweka mwaka mmoja. Hizi beibi klasi, nasari ya kwanza, nasari ya pili, priyuniti, za mwaka baada ya mwaka ni biashara yetu sisi. Na Desemba 2021 serikali ikazindua ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, jina refu mpaka linakata pumzi, ila ndani yake limetajwa wazi suala la fursa za kujifunza mapema sambamba na lishe na afya na ulinzi, na inaanzia mtoto anapozaliwa, kwahiyo sio jambo la shule peke yake, linaanzia kwako nyumbani.

Wenye shule mnasema wazazi ndo wanataka homuweki, wasipoiona wanahamisha mtoto. Inawezekana, mimi mwenyewe nawasikia hapa barazani wakisifiana, wa kwangu anaandika mpaka mia. Basi kwenye vikao vya wazazi lisemwe hadharani, anayetaka mtoto wake apewe homuweki aombe mwenyewe, wengine tuachieni watoto jioni wacheze. Ticha kama lazima atoe kazi atoe ya aina hii: kesho njoo na majani matatu yasiyofanana, au kamuulize bibi kitendawili kimoja uje ututegee. Mzazi aliyechoka na yeye hiyo ataiweza.

Na wewe mhariri, ukurasa wa watoto wa wikiendi umejaa matangazo ya shule. Tupe hata robo yake, weka vitendawili na michezo ya kufanya na vitu vya nyumbani, majibu wiki inayofuata, utaona barua zitakavyokuja.

Mimi nina vifungo vilivyobaki kwenye kazi, karibu debe zima, mzazi wa huku Temeke anayetaka vya mtoto kuchezea aje nimgawie bure. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu asinisumbue, simpi.

Mama fundi,
Tandika, Dar es Salaam