Masheikh na mapadri, tufundisheni kutulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwajibu wasomaji wenzangu ambao kwa wiki kadhaa sasa wamekuwa wakiandika kwamba mtu anayekaa kimya peke yake, akafumba macho na kufuatilia pumzi zake, anawafungulia mlango majini, au mapepo kama wasemavyo wenzetu Wakristo. Mimi ni mama wa Kiislamu, muuguzi mstaafu, mkazi wa hapa Tanga, na jambo hilo ninalifanya kila siku kabla ya alfajiri. Nilijifundisha mwenyewe. Kwa heshima yote, nadhani ninalo la kusema ambalo wanaolizungumza kwa kusikia hawanalo.

Nianze na namna nilivyoingia, kwa kuwa barua hizo zinadhania ipo siri. Nilipostaafu nilikuta usingizi umenihama. Mwili uliozoea zamu za usiku wodini haukuelewa kwamba kazi imekwisha. Saa nane za usiku macho yako wazi, na kichwa kinapiga hesabu za bei ya mchele, za kiinua mgongo, za jibu ambalo fulani alinipa msibani. Sikutaka kuanza vidonge vya usingizi, maana nimewaona walioandikiwa vya wiki mbili wakavimeza miaka. Nikakumbuka zoezi tulilokuwa tukiwaelekeza kina mama wenye uchungu wa kujifungua: vuta pumzi kwa pua taratibu, kisha itoe taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Kitabibu halina ajabu. Pumzi inapotoka polepole, neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na mwili huacha kujihami. Juu ya hilo niliongeza maelezo machache ambayo mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu: kaa, nyoosha mgongo, jua kwamba unavuta, jua kwamba unatoa, na fikra ikikuchukua, rudi bila kujigombeza.

Hayo ndiyo yote. Hakuna ubani, hakuna sanamu, hakuna mzimu anayetajwa. Ninakaa juu ya msala uleule ninaoswalia, khanga mabegani kwa sababu ya upepo, na kwa muda mrefu sikupata chochote isipokuwa ganzi ya miguu.

Lakini kuhusu hao majini, kuna jambo moja ambalo muuguzi yeyote angewaeleza ndugu wasomaji kama wangemuuliza. Wengi wanaojifunza peke yao hudhani kwamba kuvuta pumzi kwa nguvu na kwa haraka ndiko kufaulu. Mtu akifanya hivyo kwa dakika kadhaa, mwili hupoteza hewa ya ukaa kupita kiasi. Midomo inakufa ganzi, vidole vinachoma, kichwa kinazunguka, na wengine mikono hukakamaa kabisa. Nimewapokea hospitalini mabinti wa shule wakiwa katika hali hiyo kwa sababu ya hofu ya mtihani tu, na ndugu waliowaleta walikwisha kuapa kwamba wamepandwa. Dawa yake ni kumtuliza mgonjwa apumue polepole. Sisemi kwamba kila tukio lisimuliwalo ni hili, ila nina hakika kwamba mengi ni hili.

Kilichonifanya nichukue kalamu, hata hivyo, si usingizi, ambao ulirudi kidogo kidogo, wala si pumzi. Ni alfajiri moja ambayo sikuitazamia. Nilikuwa nimekaa kama siku zote. Mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu alifika pale panaposema kwamba swala ni bora kuliko usingizi, na ghafla ikawa sauti ile ipo, mbu yupo, maumivu ya goti yapo, lakini yule bibi anayelalamika ndani ya kichwa changu, ambaye miaka yote nilidhani ndiye mimi, hayupo. Sikuona nuru wala sikuitwa jina. Palikuwa na utulivu ulionizidi kimo, na ndani yake nilijua, bila kuhitaji hoja, kwamba kila pumzi niliyokuwa nikiihesabu kuwa yangu nilikuwa ninapewa. Niliinuka kwenda kutawadha huku mikono ikitetemeka. Nilipofika katika Alhamdu kwenye maneno ya “Wewe tu tunakuabudu, na Wewe tu tunakuomba msaada”, maneno niliyoyakariri tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Qurani, nilishindwa kuendelea kwa kulia, nikalazimika kuianza upya.

Watu hupenda kuuliza matunda, na wana haki, kwa kuwa kulia si hoja. Nitataja moja. Kati yangu na ndugu zangu kulikuwa na shauri la mirathi, minazi na kiwanja alichokiacha marehemu baba, shauri lililotufanya tusisemezane hata kwenye arusi za watoto wetu. Sikukaa chini nikaamua kusamehe. Nilimpigia kaka yangu simu siku ya Idi, tukazungumza habari za mvua na za magoti yetu, na nilipokata simu ndipo nilipogundua kwamba ile kauli niliyokuwa nimemwandalia miaka yote haikunijia mdomoni. Mpaka wa kiwanja bado haujapatikana, na wazee wa ukoo wanaendelea kuupima. Chuki tu ndiyo iliyoondoka.

Je, katika hayo nimetoka kwenye dini? Qurani, katika sura ya Aal Imran, inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala, na wanaotafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kushushiwa wahyi. Na Imamu Ghazali, mwanazuoni ambaye kila darsa la msikiti humtaja, mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri kuliko wote mjini Baghdad pale ulimi wake ulipokataa kufundisha. Ameeleza mwenyewe kwamba chakula kilikuwa hakishuki kooni na matabibu walikata tamaa, wakasema ugonjwa umeingia moyoni na kutoka huko umeenea mwilini. Kwa sisi tuliofanya kazi wodini, huyo ni mgonjwa tunayemfahamu vizuri. Aliacha cheo, akaenda Damascus, na huko akawa anapanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa. Hakuna sheikh anayethubutu kusema leo kwamba Ghazali alikuwa akizungumza na majini mnarani.

Jambo hili pia halikuanza kwetu wala halitaishia kwetu. Mwaka 1896, katika mji wa Madurai kusini mwa India, kijana wa miaka 16 ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ramana Maharshi alishikwa na hofu ya ghafla ya kufa. Bila mwalimu yeyote, alijilaza sakafuni, akakakamaza viungo kama maiti, akajiuliza ni nani hasa anayekufa. Wiki chache baadaye aliondoka kwao, akaenda kuishi kwenye mlima Arunachala na chini yake hadi alipofariki mwaka 1950. Sifuati dini yake, na sioni sababu ya kuifuata, lakini siwezi kusoma habari za asubuhi ile nikajifanya sielewi. Upande wa Wakristo yupo Ignasi wa Loyola, askari wa Hispania aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, ambaye mwaka uliofuata alikaa miezi mingi Manresa akisali karibu peke yake. Alipata mwanga mkubwa mahali hapo, na mahali hapohapo alisumbuliwa na wasiwasi wa dhambi hadi akapata kishawishi cha kujiua. Aliponyanyuka hakuwaambia watu wajifungie tu kama yeye. Aliandaa mazoezi ya kiroho yenye mpangilio, na akasisitiza kwamba anayeyafanya awe na mtu wa kumsindikiza. Hapo ndipo kilipo kiini cha barua yangu: mlango unaweza kufunguka bila mwalimu, lakini aliyekwisha kuuvuka anahitaji wa kuzungumza naye.

Nami nilimtafuta. Nilimwendea mzee mmoja wa msikitini, mtu mwema na mwenye elimu, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Jibu lilikuwa kwamba nisomewe Qurani ya kutolewa majini. Rafiki yangu wa kazini, Mkatoliki, aliyepitia jambo la kufanana na hili baada ya kufiwa na mume wake, aliambiwa na mhubiri mmoja kwamba hiyo ni ibada ya Kihindu na kwamba akatubu hadharani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetuuliza tumeona nini.

Jambo hilo linasikitisha zaidi kwa sababu hazina yenyewe wanayo. Pwani hii yote imepitiwa na tarika, yaani njia za Kiislamu za malezi ya kiroho. Kadiriya ilienezwa na wanafunzi wa Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, na Shadhiliya ilitufikia kwa njia ya Ngazija. Babu yangu alikuwa akileta uradi kila baada ya magharibi, tasbihi mkononi, midomo ikicheza bila sauti, na sisi wajukuu tulikatazwa kupita mbele yake mpaka amalize. Leo zikri tunaijua kwenye maulidi na kwenye hitima, ikiwa na sauti na watu wengi. Ile ya moyoni, ya mtu na pumzi yake, nani anaifundisha? Itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani ipo, lakini katika misikiti niliyoifahamu mimi vijana wanaikalia na simu zao. Wenzetu Wakatoliki nao wana Wabenediktini wa Peramiho tangu mwaka 1898 na wa Ndanda tangu 1906, watawa wa huko kusini ambao ukimya ni sehemu ya kanuni yao ya maisha. Hata Mbenediktini John Main, ambaye alijifunza kwanza kukaa na neno moja kutoka kwa mwalimu wa Kihindu huko Malaya, aliposoma maandishi ya Yohane Kasiano wa karne ya 5 aligundua kwamba watawa wa jangwani wa Kikristo walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Yule mhubiri angeweza kumpa rafiki yangu historia hiyo. Angeweza hata kumfungulia Zaburi ya 46, panapoandikwa: “Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu.”

Wakati wao wamenyamaza, wengine hawakunyamaza. Simu zetu zimejaa watu wanaouza masomo ya kufungua jicho la tatu, ya kuvuta utajiri kwa pumzi, ya kuponya kisukari kwa siku chache, na fedha hutumwa kwanza ndipo somo lifuate. Wapo wanaofundisha tafakuri kwa uaminifu. Katika vituo vya mapokeo ya S. N. Goenka, mwalimu wa tafakuri ya Kibudha, kwa mfano, mtu hukaa siku 10 kwa ukimya bila kutozwa ada, na vinaendeshwa kwa michango ya waliokwisha kumaliza. Lakini mwanamke wa mtaani kwangu aliyekosa usingizi atawatofautisha vipi, ikiwa imamu wake na padri wake hawana neno jingine isipokuwa majini?

Na hatari ipo, sitaificha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya mahojiano na watu waliozoea tafakuri ya Kibudha, walimu wakiwa miongoni mwao, na walikuta baadhi yao walipatwa na hofu kali, kukosa usingizi, au kuhisi kwamba nafsi yao imepotea na dunia si ya kweli. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, au ambaye msiba wake bado mbichi, asijifungie saa nyingi peke yake kwa kufuata maelekezo ya simu. Dakika chache zinatosha, na awepo mtu anayejua kwamba anafanya hivyo. Anayemeza dawa za presha, za kifafa au za akili asiziache hata kama amejisikia mwepesi kama malaika. Nimewauguza walioziacha baada ya kuombewa, na sitaki kuanza kusikia walioziacha baada ya kutafakari.

Ombi langu kwa masheikh, mapadri na wachungaji ni kwamba muumini akija na habari ya namna hii, kabla ya kumsomea au kumkemea, wamuulize maswali ambayo sisi wauguzi tunamuuliza kila mgonjwa: ilianza lini, unalala, unakula, unaelewana na watu wa nyumbani? Majibu yatawaonyesha kama anahitaji daktari, mwalimu, au sikio tu.

Kwako wewe Mhariri, una kurasa za dini kila Ijumaa na kila Jumapili, ambazo hujazwa na hotuba na picha za uzinduzi wa majengo. Mtume mwandishi wako akazungumze na wazee wa tarika waliobaki hapa Tanga, Bagamoyo na Unguja, na watawa wa kusini, awaulize wanakaaje, wanapumuaje, na humfanyia nini kijana anayewajia akiwa ameogopa. Hawapatikani kwenye intaneti. Itabidi apande basi.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Tanga