Barua ya malalamiko: koni zenu za "hina nyeusi asilia"

Kwa Meneja wa Udhibiti wa Ubora,

YAH: KONI ZA HINA NYEUSI ZINAZOTOA WATU MALENGELENGE

Sisi ni wachoraji wa hina. Tunalalamikia koni zenu ambazo boksi lake limeandikwa: asilia kwa asilimia 100, nyeusi, hukolea kwa dakika 20, haihitaji friji, hudumu miaka 2. Sifa hizo haziwezi kukutana kwenye koni moja, na aliyeandika boksi hilo ama hajui hina ni nini au anajua vizuri sana.

Tuanze na rangi. Jani la mhina lina lawsoni, yaani rangi yake ya asili, na hiyo ndiyo inayoshika kwenye ngozi. Ukibandua hina safi, maua yanatoka na rangi ya chungwa, hata unga uwe mzuri namna gani. Yanaendelea kukoza kwa saa 24 hadi 48 mpaka yawe mekundu ya kahawia. Kiganjani na kwenye nyayo, penye ngozi nene, hukolea hata kukaribia weusi. Begani na tumboni hayafiki huko. Koni yenu inatoa weusi wa makaa begani, tena kabla mtu hajaondoka kitini. Jani halifanyi hivyo. Hicho tunachokiita piko hufanya hivyo, na kinachoipa piko weusi wake mara nyingi ni parafenilenediamini, yaani PPD, kemikali ya rangi za nywele.

Hatujapeleka koni zenu maabara. Lakini boksi halina orodha ya viambato wala namba ya toleo, kwa hiyo mzigo wa kueleza ni wenu.

Kisha hilo la friji. Hina ya kuchorea ni gramu 100 za unga uliochekechwa, maji ya ndimu kiasi cha mililita 250, sukari gramu 30 na mililita 30 za mafuta ya lavenda au ya mti-chai. Inafunikwa saa 8 hadi 12 penye joto la kawaida mpaka itoe rangi, ndipo inatiwa kwenye koni. Nje ya friji inafaa siku mbili, tatu. Baada ya hapo inachacha na rangi inakufa. Ukitaka kuitunza, unaigandisha. Sasa ya kwenu ikikaa rafuni miezi na bado ikapaka nyeusi tii, kinachopaka ni nini? Na ile harufu ya mafuta ya taa inayotoka koni ikikatwa ncha inatoka wapi? Ndimu hainuki hivyo.

Karatasi ya maelekezo ndiyo mbaya kuliko yote. Inasema mtu ajaribu tone nyuma ya sikio kwa dakika 10, na asipowashwa aendelee. Mzio wa PPD hautokei kwa dakika 10. Kwa anayeipaka mara ya kwanza, ngozi inaweza kutulia wiki moja hadi mbili ndipo ianze kuwasha, kuvimba na kutoa malengelenge kwa kufuata mchoro wenyewe, ua kwa ua. Akirudia baadaye, humpata ndani ya siku moja hadi tatu. Mahali hapo huweza kubaki na kovu au alama nyeupe. Mzio wenyewe kwa kawaida haumtoki tena: huenda asiweze kupaka rangi ya nywele maisha yake yote, na wengine huja kudhurika pia na nguo za rangi nzito, mpira mweusi, au dawa za ganzi za jamii ya benzokaini. Haya yote kwa maua ya wiki mbili!

Karatasi hiyohiyo inaruhusu watoto kuanzia miaka 3. Hata hina safi kabisa haipakwi mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwa sababu lawsoni inaweza kuzivunja chembe hizo, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao. Nyinyi hamkulitaja hata kwa mstari mmoja.

Msitujibu kwamba PPD inaruhusiwa. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa tayari kupakwa kichwani. Kuchorea ngozi hairuhusiwi. Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, imeidhinisha hina kwa nywele tu, hata hii yetu isiyotiwa kemikali.

Tunataka orodha kamili ya viambato vya koni hizi, pamoja na majibu ya maabara huru kuhusu PPD na viyeyushi vya petroli. Uuzaji usimame mpaka majibu yatoke, na zilizoko madukani zirudishwe kwa gharama yenu. Maneno "asilia" na "hina" yatoke kwenye boksi kama kilichomo sicho. Waliokwisha kununua watangazieni kupitia wauzaji wenu: aliyepaka aoshe papo hapo kwa maji mengi na sabuni bila kusugua, asifunike kwa plastiki, na akiona uvimbe au malengelenge aende kwa daktari akiwa na boksi na koni iliyobaki. Akivimba uso au kubanwa pumzi, asisubiri kesho.

Baadhi ya koni tulizonazo bado hazijafunguliwa. Tumezitenga pamoja na maboksi yake, na tutazikabidhi kwa mamlaka inayosimamia vipodozi iwapo siku 14 zitapita bila jibu la maandishi.

Wenu,
Wachoraji wa hina